Msilisingizie Jua la Dodoma

Kila ninayemsimulia jinsi stika za gari langu zilivyopauka na kubanduka hunijibu akiwa ametazama juu. "Jua la Dodoma hili, mama, haliachi kitu." Fundi aliyechukua hela yangu alisema hivyo. Kijana aliyechora alisema hivyo. Hata jirani yangu hapa Ipagala, ambaye sijawahi kumwona akibandika chochote zaidi ya bango la mgombea wake, naye kasema hivyo hivyo. Nimechoka. Naandika haya kulitetea jua.

Jua la hapa halikuja jana. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni ya Desemba hadi Aprili na haitoshi hata kwa mtama wa watu wengine, na miezi inayobaki ni anga tupu na upepo wa vumbi. Hakuna aliyehamia Dodoma kwa kudanganywa kwamba kuna kivuli. Kwa hiyo mtu anayeuza kazi ya kukaa nje katika mji huu, jua analipigia hesabu kabla ya kutaja bei. Akija kulitaja baada ya kazi kuharibika, huyo anatafuta wa kumsukumia.

Mimi nauza juisi ya zabibu, na msimu ukifika nauza zabibu zenyewe kwa kilo. Nachukua kwa wakulima wa Mpunguzi na Hombolo, nasindika nyumbani, nasambaza. Zamani nilizungukia Majengo, Sabasaba na hoteli chache za mjini, na bajaji ya kukodi ilitosha. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia kweli, na wizara zikaanza kuota kule Mtumba, wateja wangu wakasogea mbali: unatoka mjini, unapita Nzuguni, unapita Ihumwa, ndipo unafika kwenye ofisi zinazoagiza katoni kwa ajili ya vikao. Nikanunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ile iliyofunikwa nyuma, yenye milango ya kuteleza, nyeupe, iliyotumika Japani. Lakini kirikuu nyeupe mjini hapa zimejaa. Unaweza kupita mbele ya mteja wako kila asubuhi asijue ni wewe. Walinzi getini wanakuuliza umeleta nini wakati jana tu uliwaachia chupa.

Ndipo nikaamua kuivisha gari zambarau: mbavu zote mbili, boneti na mlango wa nyuma, paa libaki jeupe. Kishada kikubwa cha zabibu ubavuni, jina la biashara, namba ya simu. Nilitaka iwe tayari kabla ya Nanenane, maana maonyesho ya Kanda ya Kati yanafanyika Nzuguni na mtu mwenye zabibu asipoonekana pale, aonekane wapi tena?

Fundi nilielekezwa. Alikuwa na fremu aliyochangia na mwenye steshenari, na kwenye simu yake picha za magari yaliyonona kwa rangi. Bei, milioni moja na laki mbili. Nusu mbele, nusu gari likikamilika. Nikamuuliza, stika ya aina gani? "Mama, hii ni ile orijino." Orijino ya wapi? "Ya nje." Itakaa muda gani? "Miaka mitano, usiwe na wasiwasi kabisa." Mazungumzo haya yote yamo kwenye WhatsApp, na sijayafuta.

Nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba mtu niliyemlipa hakuwa na mashine ya kuprinti na wala hakuwa mbandikaji. Alikuwa mtu wa katikati. Mchoro ulifanywa na kijana wa hapo steshenari, ambaye gari lenyewe aliliona kwenye picha. Kuprinti kulifanyika Dar es Salaam, na stika zikaja na basi zimeviringishwa na kukazwa kwa kamba za raba mpaka zikabonyea katikati. Waliobandika ni vijana wawili wa kuitwa, wanaolipwa kwa siku. Kila mmoja alimaliza kipande chake, akalipwa, akaondoka. Mtu wa kuliona gari zima nilikuwa mimi peke yangu.

Asubuhi ya kubandika nilikuwepo, na nawaomba mnivumilie niieleze taratibu, kwa sababu jua wakati huo lilikuwa bado halijafanya lolote. Ilikuwa mwezi wa saba. Wageni hawaamini, lakini Dodoma mwezi wa saba asubuhi watu wanavaa makoti na kuvuta kamasi. Gari waliliegesha chini ya mwarobaini, juu ya mchanga, upepo unapiga kutoka upande wa barabara. Wakaliosha kwa sabuni ya unga, wakalifuta kwa fulana kuukuu. Kisha wakalipulizia maji ya sabuni, wakabandua karatasi ya nyuma ya stika, wakailaza ubavuni ingali inapepea. Cha kusukumia hewa itoke ilikuwa kadi ya benki iliyozungushiwa kitambaa. Kila punje ya mchanga iliyodakwa mle chini ilibaki kipele, na nikiweka kiganja nilikuwa navihisi kimoja kimoja.

Palipo bapa hakukuwa na shida kubwa. Shida ilianza kwenye mikunjo. Kirikuu ina mfereji ubavuni ambamo mlango unateleza, ina mabonde kwenye boneti, ina pembe za taa. Pale stika lazima ipashwe moto ili ilainike, ishuke bondeni, halafu ipashwe tena kwa moto mkali zaidi ili isahau umbo lake la kwanza. Kwa kazi hiyo kuna mashine ya kupuliza hewa ya moto. Wale vijana walikuwa na kiberiti cha gesi. Mmoja anavuta kwa nguvu zake zote, mwenzake anapitisha kimoto huku na huku kwenye ukingo, wanakandamiza kwa dole gumba, wanasonga mbele. Halafu kikatoka kiwembe. Walikuwa wanakata stika ikiwa juu ya bati, na kiwembe kikawa kinalia krrr kuzunguka mlango mzima.

"Kijana, unakata mpaka rangi yangu?"

"Hapana mama, mimi nina mkono mwepesi."

Gari lilipokamilika, namba yangu ya simu ilikuwa na tarakimu pungufu. Kitasa cha mlango kilikaa pale pale ilipotakiwa kuwepo tarakimu moja, na wao walipokifika walikata duara, wakakiacha kitasa kipumue, wakaendelea. Mchoraji hakujua kitasa kiko wapi. Mprintaji hakujua kama kuna kitasa. Wabandikaji walikiona, ila namba haikuwa kazi yao. Nikazuia laki mbili kwenye malipo ya mwisho mpaka namba irekebishwe. Haijarekebishwa mpaka leo.

Na ile zambarau? Kwenye simu ilikuwa inang'aa, imeiva, ndiyo yenyewe ya zabibu nyekundu za Makutupora. Iliyokuja na basi ilikuwa imezama, karibu na wino wa mhuri. Simu inatengeneza rangi kwa mwanga na mashine inatengeneza kwa kuchanganya wino wa rangi nne. Zambarau ni mojawapo ya rangi zinazosumbua kuhamisha kutoka huku kwenda kule, ndiyo maana mprintaji mwangalifu hukutolea kipande kidogo kwanza ukione kwa macho. Kipande hicho hakikutolewa. Mchoraji alisema yeye alituma faili tu.

Pamoja na yote hayo, sitasema uongo, gari lilipendeza. Kwa mbali lilipendeza sana. Kule Nzuguni watu walipiga picha wakiwa wameliegemea, na mtu mmoja wa wizara akaniambia, "Kumbe ndiyo wewe, dada, mwenye ile gari." Hayo ndiyo matunda niliyoyapata kwenye milioni yangu na nayahesabu. Trafiki mmoja wa njia ya Bahi tu ndiye alinitoa jasho: kadi ya gari inasema nyeupe, yeye anaona zambarau. Aliponiachia alinielekeza kwamba mabadiliko ya rangi huandikishwa. Hilo nalo fundi hakulisema, na bila shaka anabandika magari ya watu kila mwezi.

Kisha likaanza kujivua. Kwanza kwenye ule mfereji wa mlango: stika iliinuka, ikawa imetanda hewani katika bonde ambamo ilikuwa imelazwa kwa dole gumba. Halafu pembeni mwa kila kipande ukatokea mstari. Mwanzoni nilidhani ni uchafu. Nilipoinama nikaona stika imejivuta kurudi ndani kwa upana wa kucha na kuacha gundi yake wazi. Gundi iliyo wazi katika mji huu inadaka vumbi siku hiyo hiyo, kwa hiyo gari zima likawa limechorwa mpaka wa kahawia, kila mlango na fremu yake.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa sheli, barabara ya kwenda Singida. Kijana wa pampu alijaza mpaka petroli ikafurika kidogo kwenye mfuniko. Akawahi na kitambaa, akafuta mara mbili. Kitambaa kikatoka zambarau. Tukakitazama wote wawili. Chini ya mfuniko, kishada changu cha zabibu kilikuwa kimechirizika mpaka karibu na gurudumu, na pale kitambaa kilipopita pamebaki doa la weupe uliopauka, saizi ya kiganja. Kijana wa watu akaanza kuomba radhi. Nikamwambia, mwanangu, huna kosa.

Hakuwa na kosa kwa sababu wino wa gari la biashara hauachwi uchi. Stika iliyoprintiwa huwekewa juu yake utando wa plastiki unaopitisha mwanga, ule mafundi wanaouita laminesheni, ndio unaopokea petroli, brashi ya kuoshea, mchanga na sehemu kubwa ya jua kwa niaba ya wino. Na hata huo hauwekwi papo hapo. Wino wa aina hii una kimiminika kinachotakiwa kukauka na kutoka kwanza, angalau siku nzima, vinginevyo kinanaswa katikati na kuilainisha gundi. Kwangu hakukuwa na cha kuharakishwa: utando haukuwepo kabisa.

Haya nilielezwa na fundi mwingine, anayehudumia mabasi, nilipompelekea gari na machungu yangu. Alichuna kipande kilichokuwa kimeinuka, akakivuta kwa vidole, akakiacha, kikarudi. Akacheka. "Mama, hii ni stika ya kioo cha duka." Akanifafanulia kwamba ziko namna mbili kubwa. Moja plastiki yake humiminwa ikiwa majimaji, ikaiva polepole katika tanuri bila kuvutwa na kitu. Hiyo huwa nyembamba, kama maikroni 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita, na inatulia pale ulipoilaza, ndiyo ya kufunikia gari zima lenye mabonde. Nyingine hupitishwa kati ya roli zinazoikandamiza na kuivuta mpaka iwe karatasi. Mimi niliielewa kwa chapati: donge ambalo halijapumzika, ukilisukuma linatanuka, ukiinua mti wa kusukumia linarudi. Stika ya roli, hasa ile ya bei ya chini, ina hamu hiyo hiyo ya kurudi, na joto linaiamsha. Haina ubaya kwenye kioo cha duka au ubao ulio bapa kwa muda mfupi. Kuipeleka kwenye mfereji wa mlango wa kirikuu ni kuitafutia lawama.

Mimi ni mbishi, nikaenda kusoma mwenyewe. Watengenezaji wakubwa, 3M na Avery Dennison kwa mfano, huchapisha karatasi za maelezo za kila stika yao. Wanaigawa dunia kwa kanda za hali ya hewa, na muda wa kudumu unapungua kadiri kanda inavyokuwa ya joto na jua kali. Wanatenganisha pia sehemu iliyosimama, kama mlango, na sehemu iliyolala, kama boneti na paa, kwa sababu iliyolala inapigwa utosini mchana kutwa na muda wake ni mfupi zaidi kwa mbali. Wanataja joto la chini ambalo usithubutu kubandika, na wanataja kwamba rangi ya gari iwe nzima na iliyoshika. Kwa maneno mengine, watu walioko Marekani walishalifikiria jua la huku kwetu, wakaliandikia jedwali. Fundi wangu anaishi chini ya jua lenyewe.

Hata kupauka kwenyewe kuna utaratibu wake. Zambarau ya mashine ni wino wa majenta, wekundu wa waridi, uliochanganywa na sayani, ambayo ni buluu. Juani majenta na njano kwa kawaida hufa mapema, sayani na nyeusi zinabaki. Angalia mabango ya zamani barabarani, nyuso zote zimekuwa za buluu. Mvua za Desemba zilipoanza, boneti yangu ilikuwa na zabibu za buluu. Mteja mmoja aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama siku hizi nauza maji.

Nikarudi kwa mtu wa katikati. Akanipa jua. Nikamwambia nenda kasimame getini Mtumba, tazama magari ya Serikali, yale ya namba za STK, yanavyopita na nembo za taasisi milangoni, zimekaa chini ya jua hili hili na zinasomeka. Tazama mabasi pale stendi ya Nzuguni. Najua nembo ndogo kwenye mlango bapa siyo kazi sawa na kufunika gari zima, hilo namwachia. Lakini jua ni moja. Akahamia kwa mprintaji. Mprintaji kwa simu akasema stika yake haina tatizo, ubandikaji ndio mbovu. Vijana wa kubandika mmoja kahamia Kahama, mwenzake akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, mimi nabandika ninacholetewa." Na ukweli ni kwamba kila mmoja wao alikuwa na nusu ya haki, ndiyo sababu nilizungushwa kwa muda mrefu vile. Stika ya kioo ingeweza kukaa mlangoni kama isingevutwa hivyo. Vijana wangeweza kubandika vizuri kama wangeletewa stika ya gari, mahali pasipo na upepo, na mashine ya moto badala ya kiberiti. Kazi ilikufia kwenye maungio. Miaka mitano niliyoahidiwa haikuwa ya mtu yeyote kati yao, na karatasi pekee niliyonayo ni ujumbe wa muamala wa simu, maana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliiomba nikaambiwa mashine iko matengenezo.

Kutoa kulinigharimu roho kuliko kubandika. Stika nzuri ukiipasha moto kiasi na kuivuta taratibu ikiwa imelala karibu na bati, inakuja nzima. Yangu ilikuwa imekauka, inavunjika vipande vya ukubwa wa kucha na kuacha gundi nyuma. Dereva wangu na ndugu yake walikaa na hita ya kuazima na kadi za vocha wakikwangua, siku zikaenda. Mtu akatushauri thina. Tukajaribu pembeni ya mlango wa nyuma, gundi ikatoka na mng'ao wa rangi ukatoka nao. Mlango wa kushoto ulikuwa na historia: bajaji iliwahi kuugonga, ukapakwa rangi hapa hapa mjini. Kipande kikubwa kilipovutwa pale kilikuja na rangi yote mpaka kijivu cha chini. Na kuzunguka milango, pale mkono mwepesi ulipopita na kiwembe, kuna uzi mwembamba wa kutu umefuata njia ile ile, kona kwa kona. Hilo jua haliwezi kulifanya hata likitaka.

Kwa sasa kirikuu ni nyeupe yenye madoa. Mzee mmoja mchoraji wa Majengo, wa brashi na makopo ya rangi ya mafuta, aliniandikia jina na namba milangoni. Kabla hajachovya brashi alifungua kila mlango, akaufunga, akaufungua tena, akapima na kitasa kwa kidole. Zabibu zake ziko sita tu na zimekaa duara mno, lakini petroli haiziondoi, nimejaribu. Fundi wa mabasi ameniandikia bei ya kazi kamili, na kwenye karatasi kataja jina la stika, jina la laminesheni, kwamba anabandika ndani ya banda lake, na kwamba mlango wa kushoto upigwe rangi upya na ukauke vizuri kabla hajaugusa. Ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Bado sijampa jibu, kwanza msimu wa zabibu upite nione mfuko unasemaje.

Yule mtu wa katikati naye ananidai laki mbili zake. Ananikumbusha mwisho wa mwezi, kwa adabu, na salamu za familia. Ujumbe wake wa karibuni unasema atanipunguzia hamsini elfu nikimpa kazi ya gari la pili. Gari la pili sina.